Robo Mbili za Upande wa Mlango

Kwa miaka kumi na mmoja nilichukua sampuli za mawe katika kiwanda cha shaba hapa Likasi, na katika miaka hiyo maabara haikunirudishia sampuli hata moja. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu jambo ninaloliandika lingemtokea mtu mzembe, ningelielewa. Lilinitokea mimi. Lilichukua siku mbili, Jumamosi na Jumapili, na lilihusu mpira.

Kampuni ilikuwa na ligi yake. Kila kitengo kilikuwa na timu: wachomeleaji, watu wa tanuru, watu wa reli, sisi wa maabara. Msimu ulipokwisha, komite ya michezo ilimtangaza mchezaji bora aliyechaguliwa na watu, na zawadi yake ilikuwa ya namna mbili. Kama mshindi alikuwa tayari mfanyakazi mwenye matrikule, yaani namba ya kudumu katika vitabu vya kampuni, alipewa redio. Kama alikuwa kibarua wa siku, kampuni ilimpa matrikule. Hakuna karatasi iliyoandika hivyo. Ilikuwa desturi tu, lakini tulikuwa tumeiona ikifanyika, na kila mtu aliijua.

Shemeji yangu alikuwa kibarua wa siku. Alikuwa amemwoa dada yangu mdogo, nao pamoja na watoto wao watatu walilala katika chumba cha mbele cha nyumba yangu, ambayo ilikuwa na vyumba viwili. Alicheza beki wa kushoto katika timu ya reli. Mwezi ule vibarua walikuwa wameambiwa kwamba ukiisha, wengi wao hawataitwa tena. Matrikule ingempa nyumba, posho ya kila mwezi ya unga na maharage, na hospitali. Hospitali ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko yote, kwa sababu mtoto wao wa katikati alikuwa na kifua kibaya, na hospitali ya kampuni ilipokea watoto wa wenye matrikule peke yao. Nilikuwa nikimpeleka kwa karatasi ya mwanangu wa umri uleule. Halikuwa jambo sahihi. Bila matrikule walikuwa na njia moja, kurudi Kapolowe kwa baba yake shemeji kulima, na huko dawa ile haikuwapo.

Mshindani wake alikuwa mshambuliaji wa kati wa timu ya wachomeleaji. Huyu alikuwa na matrikule yake. Kwake kura ilikuwa redio.

Mabishano yalikuwa yakifanyika kila Jumapili kando ya uwanja, kwa mama mmoja aliyeuza munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi na mizizi. Tulikaa kwenye mabomba ya zamani yaliyotupwa pale, vikombe mkononi. Aliyeongea sana alikuwa mchomeleaji mmoja mnene, mwenye makovu ya cheche kwenye mikono yote miwili.

"Mupira ni goli," alisema Jumapili iliyotangulia kura. "Beki ni mulango. Nani alishaka kuona bantu banashangilia mulango?"

"Ku nyumba yako hakuna mulango?" aliuliza mama wa munkoyo.

"Iko."

"Itoshe leo, uiondoe. Kesho utakuya kutuambia kama sufuria yako ingali ndani."

Watu walicheka, na mchomeleaji akacheka pia, lakini hakuacha. Alikuwa na hoja, na nilimpa haki yake: mabao yanahesabika, na kazi ya beki haihesabiki. Mzee mmoja wa tanuru alimjibu kwamba hata hivyo beki huyu alimzuia mshambuliaji wao mara mbili msimu ule asiguse mpira.

"Siku ile alikuwa mugonjwa."

"Mara mbili mugonjwa? Na mara zote mbili beki ni uleule? Basi beki njo ugonjwa."

Lakini ugomvi mkubwa haukuwa nani. Ulikuwa namna ya kupiga kura. Msimu mmoja wa nyuma walichagua kwa makofi na kelele, na timu iliyokuwa na ngoma nyingi ilishinda. Msimu uliofuata waliandika majina kwenye karatasi, wakateua watu watatu wa kuhesabu, na karatasi zikawa nyingi kuliko watu. Tangu hapo kila aliyependekezwa kuhesabu aliulizwa kwanza anatoka timu gani, na kila mtu alikuwa na timu.

"Tufanye kama serikali," alisema kijana mmoja wa reli. "Karata ya kijani na karata ya nyekundu."

Katika kura za serikali karata ya kijani ilikuwa ndiyo kwa rais, ya nyekundu ilikuwa hapana, na kila mtu aliichukua yake mbele ya wote.

"Na ile ya nyekundu," aliuliza mzee wa tanuru taratibu, "weye utaichukua mbele ya bantu?"

"Kunyweni," alisema mama wa munkoyo. "Munakuya kunywa, munywe."

Ndipo nilipozungumza. Nilikuwa nimejifunza kazi yangu mwenyewe, kutoka katika kitabu cha Kifaransa kilichoachwa na mzungu mmoja aliyeondoka, nikikisoma na kamusi ukurasa baada ya ukurasa, na nilikuwa na imani nacho. Niliwaambia hivi. Behewa zima la mawe linapoingia kiwandani, hatulipimi lote. Tunalisaga, tunalimimina liwe lundo lenye ncha, tunalipasua kwa msalaba kuwa robo nne. Tunabakiza robo mbili zinazotazamana, nyingine mbili tunazitupa. Zilizobaki tunazichanganya tena, lundo tena, msalaba tena, mpaka behewa linakuwa kikombe. Kikombe kile kinasema kilichomo katika behewa, na kampuni inauza shaba yake Ulaya kwa neno la kikombe kile.

"Basi kura tuzifanye mawe," nilisema. "Punje ya hindi ni beki, punje ya haragwe ni mshambuliaji. Tunakata robo mpaka zibaki chache, na hizo chache zinahesabiwa kwa sauti mbele ya macho ya wote. Hakuna mkono wa mtu ndani."

Walinielewa mara moja. Sidhani kuna mji mwingine ambamo watu wangeelewa haraka namna ile. Mchomeleaji mwenyewe alikubali. "Kama inatosha ku shaba," alisema, "itatosha ku mupira." Mwenyekiti wa komite ya michezo, mtu mkimya aliyependa mambo yaishe, alikubali siku ya pili yake. Hakuna aliyesema kwamba behewa la mawe yaliyosagwa lina chembe zisizohesabika na zenye ukubwa mmoja, na kwamba punje za kura ni ndoo moja tu na haziko hivyo. Mimi ndiye niliyepaswa kulisema, na sikulifikiria.

Jumamosi ilikuwa siku ya posho. Watu walipanga foleni kwenye ghala na kadi zao, na kila kadi ilipogongwa muhuri, karani alimpa mwenye kuishika hindi moja na haragwe moja. Mtu aliingiza ngumi katika pipa lililofunikwa gunia, akaachia punje moja, akatoa ngumi na ile nyingine. Hakuna aliyejua ameachia ipi. Nilisimama pale tangu asubuhi na sikuona wizi wowote. Wengi waliokuja na kadi walikuwa wake wa wafanyakazi, maana posho huchukuliwa na mwanamke, mume akiwa kazini au amelala baada ya zamu. Nililiona hilo nikaliacha lipite.

Saa tisa tulibeba pipa mpaka kwenye ukumbi wa sité, mtaa wetu wa wafanyakazi, mahali pa ngoma na harusi. Watu walijaa kuta zote. Nilifagia sakafu, nikamimina punje katikati, nikainua lundo kwa koleo, nikiangusha kila koleo juu ya ncha kama inavyotakiwa.

Sakafu ya ukumbi ule iliinama kidogo kuelekea mlangoni, ili maji ya kuoshea yatoke yenyewe. Nilikuwa nimeingia mle mara nyingi na sikuwa nimepata kulifikiria. Hindi ni bapa, linakaa pale linapoanguka. Haragwe la posho yetu lilikuwa la mviringo. Nilipokuwa nikiinua lundo nilisikia maharage yakibingirika kuteremka upande wa mlango. Niliyaona pia. Neno hili naliandika kwa makusudi: niliyaona.

Bado hakukuwa na hatari kubwa, kwa sababu kanuni ya robo zinazotazamana iliwekwa kwa ajili ya makosa ya namna hiyo. Unachopoteza juu unakipata chini. Nilipasua msalaba, nikainua kichwa kusema robo zipi zibaki.

"Ngoja," alisema mchomeleaji. "Nani anachagua?"

"Hakuna anayechagua. Ni hii na ile, zinatazamana."

"Weye uko shemeji yake."

Alilisema bila hasira, na ilikuwa kweli. Ukumbi wote ulinitazama. Mwenyekiti alifikiri kidogo, kisha akasema neno ambalo masikioni mwa kila mtu lilikuwa haki yenyewe: kila upande uchague robo yake moja. Wachomeleaji walichagua robo iliyokuwa karibu nao, upande wa mlango, kushoto. Watu wa reli walishauriana. Robo iliyotazamana nayo ilikuwa ndani, kwenye kivuli, karibu na meza ya komite, na wao hawakuipenda meza ile. Walichagua robo ya mlangoni, kulia, penye mwanga, mahali walipoweza kuona.

Robo mbili zilizopakana, zote za chini.

Nilifungua kinywa. Nakumbuka hata neno nililotaka kuanza nalo. Kisha nikafikiri kwamba nikikataa, watasema nampigania mume wa dada yangu, na kwamba mtu mwenye haki hukaa kimya mahali ambapo damu yake inahusika. Nilijiona mwenye haki. Nikachukua koleo nikatupa robo mbili za ndani kwenye beseni.

Tulirudia mara ya pili na ya tatu. Pande zote mbili zilichagua mlangoni tena, kwa sababu robo zile zilikuwa zimekwisha kuaminika. Kilichobaki mwenyekiti alikihesabu kwa sauti, punje moja moja. Maharage yalizidi kwa punje chache. Wachomeleaji waliimba. Shemeji yangu, aliyekuwa amesimama dirishani nje, aliingia akampa mshambuliaji mkono, akaenda nyumbani.

Mwenyekiti alizifunga punje zilizohesabiwa katika bahasha. Beseni la zilizotupwa alinisukumia mimi. "Umetumika kazi sana, sitwayeni," alisema, yaani raia, maana ndivyo serikali ilivyotuagiza kuitana siku zile. "Pelekea bamama, bapike." Nililichukua. Katika kiwanda ungenipa kilichotupwa, ningekiandika na kukifungia kabatini. Pale nililibeba kichwani mpaka nyumbani, nikaliweka jikoni.

Jumapili, baada ya misa ya kwanza, dada yangu aliketi barazani na ungo akichambua. Mahindi na maharage hayaivi pamoja, haragwe lina saa zake. Mimi nilikuwa ninasoma. Hakuniita kwa sauti kubwa.

"Yaya," alisema, ndivyo mdogo amwitavyo kaka mkubwa.

"Ndiyo."

"Mulisema maharage njo ilishinda?"

"Ndiyo."

"Kuya uone."

Alikuwa na malundo mawili kwenye mkeka. La mahindi lilikuwa kubwa, kubwa wazi, mtoto angeona. Niliketi chini nikahesabu. Nilihesabu yote, punje moja moja, kisha nikahesabu tena kuanzia mwisho, kama nifanyavyo ninapotilia shaka mzani. Mahindi yalikaribia kuwa mara mbili ya maharage. Hata nilipoongeza zile za kwenye bahasha, ambazo hesabu yake niliikumbuka, hazikubadilisha kitu. Sikuwa nimewahi kukosea kiasi kile kwa jiwe lolote.

"Ilikuwa aje?" dada yangu aliuliza.

Nilimweleza sakafu, na robo mbili za mlangoni. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na weye ulijua?"

"Nilijua."

"Na ulinyamaza."

"Wangesema ni kwa sababu ya shemeji."

Aliweka ungo chini. Mtoto wa katikati alikuwa akikohoa ndani, na dada yangu akainuka akaenda kumtazama. Sherehe ilikuwa saa tisa. Palikuwa na muda. Nilifunga malundo mawili katika vitambaa viwili, nikaenda kwa mwenyekiti.

Nilimkuta nyuma ya nyumba yake, fulana tu, akipiga pasi abakosti yake, ile suti ya siku zile isiyovaliwa na tai, kwa ajili ya sherehe. Nilimweleza kwa mpangilio: mteremko, haragwe linavyobingirika, kanuni, kosa. Nilimwambia kosa ni langu, si la njia. Aliweka pasi pembeni akafungua vitambaa, akatazama muda mrefu. Nilimwona akishtuka. Hakuwa mtu mbaya, na sikuona kwamba alitaka kunidanganya.

"Minaona," alisema. "Ni kweli, iko vile unasema." Kisha akauliza, "Beseni ililala wapi?"

"Kwangu."

"Na kwako kunalalaka nani?"

Hapo nilielewa, lakini aliendelea mpaka mwisho, polepole, kama mtu anayemwongoza mwingine kwenye ngazi.

"Nani alichambua?"

"Dada yangu."

"Eko bibi ya nani?"

"Mke wa beki."

"Ku maabara yako," alisema, "bantu bakikuletea sampuli ililala ku nyumba ya mwenye kuuza jiwe, utaipima?"

"Hapana."

"Utafanya nini nayo?"

"Nitaitupa."

Alifunga vitambaa, akanirudishia kwa mikono miwili. Alisema kwamba kama nataka, atanipa maikrofoni saa tisa, niseme mbele ya wote. Nilimshukuru. Nilirudi nyumbani na vitambaa vyangu, nikaviacha barazani. Ushahidi ulikuwa wa kweli, na mimi mwenyewe ndiye niliyeuharibu, mara mbili katika siku moja: mara ya kwanza kwa kukaa kimya, mara ya pili kwa kubeba beseni nyumbani.

Saa tisa nilisimama uwanjani, nyuma ya watu. Kulikuwa na wacheza ngoma wa chama tawala katika vitenge vyao, hotuba, kisha redio. Mshambuliaji aliinua redio juu ya kichwa. Karibu yangu alisimama mama wa munkoyo, na alikuwa hapigi makofi.

"Munahesabu namna gani, nyiye baume?" aliniuliza chini chini. "Foleni yote ile, shiye bamama tulitia mahindi mu pipa."

"Mlipatana?"

"Tupatane juu ya nini? Ule mwingine eko na nyumba. Eko na kitanda ya hospitali. Redio atafanya nayo nini, ataivaa?" Alitazama jukwaani. "Nyiye munabishana mwaka muzima goli, mulango, goli, mulango. Hakuna aliyetuuliza."

Maikrofoni ilikuwa hatua chache kutoka kwangu na mwenyekiti alinitazama mara moja, akingoja. Nilipiga hesabu ya nani angeniamini, nikapata dada yangu, mwenyekiti, na mama huyu. Nilitazama chini, na mwenyekiti akamwita msemaji mwingine.

Nyumbani shemeji alikuwa ameketi barazani. Dada yangu alikuwa amekwisha kumwambia, na vitambaa vilikuwa pale nilipoviacha kabla ya kwenda uwanjani. Shemeji alikuwa amekifungua kimoja, cha mahindi, na mkono wake ulikuwa juu yake bila kushika kitu.

"Hii yote ni bantu?" aliniuliza.

"Ni watu. Kila moja ni mtu."

"Bantu banani?"

"Sijui, shemeji. Ilikuwa siri."

"Minye nilizania nitapata ya timu yetu tu. Kumi na moja." Aliyasogeza kidogo kwa kidole, kama mtu anayetafuta anayemfahamu katikati ya umati. "Beki wa kushoto," alisema. "Bantu bote hawa balikuwa banaangalia."

Nilianza kumwomba msamaha, nikaeleza mteremko. Alinisikiliza kwa adabu, kama mtu anavyomsikiliza kaka wa mke wake, lakini macho yake hayakuondoka kwenye kitambaa. Nadhani hakuwa anasikia habari za sakafu.

Mwisho wa mwezi hawakumwita. Nilijaribu kwa msimamizi wa reli, nikajaribu kwa karani wa vibarua, bila kupata. Walichukua taksibasi ya Kapolowe wao watano, na godoro juu. Karatasi ya hospitali ya mwanangu nilimpa dada yangu, nikamwambia mtoto akizidiwa amlete. Alimleta mara nne. Mara ya tano alifika bila mtoto, kunijulisha.

Msimu uliofuata komite ilirudia makofi. Mwenye kelele nyingi alishinda, na hakuna aliyelalamika. Mimi nilibaki na sampuli zangu, na kanuni nikaifuata kwa ukali zaidi, hata wenzangu wakanung'unika. Anayeanza kazi kwangu namfundisha kwanza kuweka maji kidogo sakafuni na kutazama yanakokwenda.

Mahindi yale shemeji aliomba yasisagwe. Yalikaa barazani Jumapili ile ya redio mpaka jua lilipoinama, na Jumatatu yote. Jumanne unga ulikuwa umekwisha ndani, na watoto walikuwa watano kwa jumla, wa shemeji na wangu. Dada yangu aliyapeleka kwenye kinu.